Ubao Uliopigwa Randa

Kaeni vizuri, wapendwa. Leo nina mfano wa maabara, na ninyi mliosoma fizikia mnaokaa pale nyuma msijidai, maana mfano wenyewe hautaki hesabu.

Kulikuwa na nchi moja iliyopata uhuru wake juzijuzi, ikaamua kuwa na maabara ya taifa ya fizikia na ndege. Kitu cha kwanza walichojenga kilikuwa bomba la upepo. Ni bomba kubwa la mbao, mtu mzima anapita ndani bila kuinama, na mwisho wake kuna pangaboi kubwa ajabu. Unatundika bawa dogo la majaribio mle ndani, unawasha pangaboi, na mzani unakuambia bawa la namna ile litanyanyua uzito gani. Namba hiyo ndiyo anayopewa rubani, na rubani anaiamini.

Walikuwa na utaratibu wao mzuri tu. Kila asubuhi, kabla ya kupima bawa lolote, walianza na ubao mmoja wa mninga uliotunzwa kabatini, umefungwa kitambaa. Ubao ule walijua unanyanyuka kwa kilo nne kamili. Mzani ukisoma nne, kazi inaendelea. Ukisoma vingine, bomba lina kasoro, na kazi inasimama.

Masika yakaja. Mbao za bomba zikavimba, nafasi ya ndani ikawa finyu, upepo ukapita kwa nguvu kuliko kawaida. Mama mmoja aliyekuwa akisoma mzani akamfuata mkuu wa maabara, profesa mwenye heshima zake.

"Profesa, ubao unasoma nne na nusu. Nimerudia mara tatu."

"Mama, sherehe za uhuru zimebaki miezi mitatu. Nikibomoa bomba leo, ndege itaruka mwakani. Na mimi nimeshamwahidi waziri."

"Basi waziri aambiwe ukweli."

"Utamwambia wewe?" Profesa akaugeuzageuza ule ubao mkononi, akasema, "Huu ndio ulioharibika. Niitieni seremala."

Seremala akaja na randa yake. Akapunguza ubao kidogo, wakautundika, ukasoma nne na robo. Akapunguza tena. Nne kamili. Wakapeana mikono, wakapima bawa la ndege mpya, na bawa likaonekana lina nguvu kweli kweli.

Naona mnacheka. Chekeni, hata mimi nilipoutunga mfano huu nilicheka. Bomba ndilo lililovimba, wao wanachonga ubao. Lakini hebu niulize, ninyi wazee wa baraza wenzangu mliokaa hapa mbele: tulipoona maisha yetu hayalingani na lile tulilokuwa tunalihubiri, tulirekebisha nini?

Tuendelee. Ndege ilikusudiwa kupeleka chanjo kwa watu wa milimani, kwenye vijiji ambako gari halifiki. Rubani alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Alipoiona ndege akaizunguka, kisha akamwendea profesa.

"Shikamoo, Profesa. Naona kama mabawa ni mafupi kwa mzigo huu."

"Marahaba, mwanangu. Yamepimwa."

"Kama mmepima ninyi, sina neno. Napanda."

Akapanda. Ndege ikanyanyuka mpaka usawa wa paa, ikatetemeka, ikakataa kupanda zaidi. Ikaangukia kwenye shamba la mahindi mbele ya waziri, mbele ya bendi, mbele ya mke wa rubani. Kijana alitolewa akiwa hai. Mguu mmoja ulikatwa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapoona aibu. Siku ya nne profesa alikwenda hospitali pamoja na yule mama wa mzani. Njiani alikuwa amepanga maneno ya kuungama, nawaambia alikuwa ameyapanga vizuri. Kabla hajafungua mdomo, kijana akamshika mkono akaanza kulia.

"Profesa, naomba unisamehe. Nimewaaibisha mbele ya taifa zima. Ninyi mlipima sawasawa, mikono yangu ndiyo iliyokosea."

Mama wa mzani akamtazama profesa, akingoja. Profesa akatazama sakafu. Kisha akaweka mkono kwenye bega la kijana, akasema kwa upole:

"Nimekusamehe, mwanangu."

Mfano umeishia hapo. Sikuutunga kwa ajili ya watu wa ndege.

Tumewaumiza watu, wapendwa, kisha wakaja wenyewe kutuomba radhi, nasi tukawapa. Mke anaomba msamaha kwa kipigo alichopigwa. Mtoto anaomba msamaha kwa ada tuliyoinywa. Na sisi tunainua mikono, tunasamehe, tunajiona tuna roho kubwa. Ni nani hapa hajawahi kupokea toba isiyo yake?

Mimi nimepokea. Mwaka jana dada mmoja wa usharika huu alikuja kutuambia alichofanyiwa na mzee wetu mmoja. Kitabu chetu cha kanisa kinasema wazi mzee wa namna hiyo anasimamishwa. Tulikaa kikao, tukalisoma lile fungu, tukalilegeza, tukamwambia dada avumilie. Akaacha kuja. Jumanne iliyopita alikuja ofisini kwangu akapiga magoti, akaomba asamehewe kwa kuliacha kanisa. Nami, mchungaji wenu, nilimwekea mkono kichwani, nikamwombea asamehewe.

Nimeshindwa kulala tangu Jumanne. Waimbaji, leo msiimbe wimbo wa kufunga. Baraza la wazee lina kikao saa nane, na yule mzee anajua kinamhusu. Sadaka na matangazo atamalizia mwinjilisti. Mimi naondoka sasa hivi kwenda nyumbani kwake yule dada, na safari hii anayepiga magoti ni mimi.