Wasia wa Mashairi wa Sultani Mudathiri

Hapo zamani, mji wa Mbweleo ulipokuwa ungali na lango moja na sultani mmoja, aliishi humo mshona viraka aitwaye Makungu. Mali yake ilikuwa sindano mbili, mkasi na mke mcheshi, Bi Tatu. Kila asubuhi Makungu alitandika jamvi lake chini ya ukuta wa kasri, akashona nguo zilizotoboka, na ulimi wake haukupumzika hata mkono ulipopumzika. Watu walimwita punguani, naye hakukataa, maana punguani husamehewa mengi.

Basi mwaka mmoja Sultani Mudathiri akashikwa na homa kali, akalala siku arobaini, na aliyemuuguza usiku na mchana ni bintiye, Arafa. Alipopona, moyo wake ulikuwa na hofu, akasema, "Nimechungulia kaburi. Nataka kuandika wasia."

Akaitwa Sheikh Ghaithi, aliyesomea mambo ya mirathi na wasia kwa miaka kumi na minane. Yule sheikh akaja na kalamu yake na maswali mengi: Una nini na nini? Umemwahidi nani? Mashahidi wako ni akina nani? Sultani akajibu kwa kuchoka, kisha akasema, "Andika kwamba nusu ya mali yangu itajenga mnara wenye jina langu."

Sheikh akaweka kalamu chini. "Hapana, bwana wangu. Wasia haupiti theluthi ya mali. Kilichobaki ni cha warithi wako."

"Basi andika shamba la minazi liwe la mwanangu Badi peke yake."

"Hapana, bwana wangu. Badi ni mrithi, ana fungu lake tayari. Huwezi kumzidishia ila nduguze, Hamadi na Arafa, waridhie."

Sultani akageuka rangi. Tangu azaliwe hakuna aliyemwambia hapana mara mbili kwa kikao kimoja. Akamfukuza Sheikh Ghaithi, akamwita Bwana Sururu, mshairi wa kasri, ambaye sauti yake ilikuwa tamu na neno hapana hakulijua. Sururu hakuuliza swali. Akaenda, akarudi siku ya pili na wasia wa mashairi, umeandikwa kwa wino wa rangi tatu, na Sultani akaupiga muhuri wake palepale kwa furaha.

Ikawa siku ya Jumatatu watu wote wakaitwa barazani kuusikiliza. Sururu akasimama, akaghani:

*Nikilala kitandani, na macho nikayafumba,*
*Aushikaye waraka, atimize niloomba:*
*Badi pamwe na Hamadi, wagawane yangu nyumba,*
*Katikati sawasawa, pasiwe mwenye kutamba.*

Akaendelea hivyo beti tisa. Farasi wa Sultani apewe ampendaye kuliko wote. Kilemba cha dhahabu kivikwe kichwa kitakachokienea. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi, na Sultani mwenyewe akatikisa kichwa kwa raha. Ndipo kule nyuma kikasikika kicheko kimoja, na watu wote wakageuka. Aliyecheka ni Makungu.

"Wewe mshona viraka," akasema Sultani, "unacheka kifo changu?"

"Mola akuweke, bwana wangu. Nimecheka kwa sababu ya kazi yangu. Mimi nguo ikipita mbele yangu, huona matundu kabla ya kuona rangi."

Sultani akashuka kitini kwa hasira, akamtupia ule waraka kifuani. "Haya, ushike! Hadi Ijumaa unionyeshe hayo matundu. Lakini usitamke neno hata moja la kuulaumu, wala usibadili herufi. Ukishindwa, utatoka katika mji huu wewe na mkeo, na kurudi hamrudi."

Makungu akarudi nyumbani. Alizaliwa Mbweleo, na mama yake alizikwa Mbweleo, na hakujua mji mwingine hata kwa jina. Jumanne hakushona. Jumatano hakula. Ataonyeshaje kosa bila kulisema? Alhamisi adhuhuri alikuwa akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na Bi Tatu akachoka kumtazama.

"Baba we, jinyooshe kidogo! Jua lote hili unatembea nini? Hata Sultani saa hizi kalala."

Makungu akasimama. "Umesemaje?"

"Nimesema Sultani kalala."

"Kitandani?"

"Sasa alale wapi, juu ya kabati?"

Basi Makungu akaucheka ule ugumu wa siku tatu, akambusu mkewe kipaji cha uso, akauchukua waraka akatoka mbio. Njiani akawakusanya waashi wanne na nyundo zao.

Mlangoni mwa kasri walinzi wakamzuia. Akawafunulia waraka. "Muhuri huu mnaujua? Someni. Akilala kitandani na macho akayafumba, anayeushika waraka atimize. Amelala?"

"Amelala," wakasema walinzi, "tunamsikia akikoroma."

"Na waraka nimeushika mimi. Nipisheni."

Walinzi wakatazamana, wakampisha, kwa kuwa muhuri ni muhuri.

Kwanza akamfungua farasi, akamwongoza hadi kwa muuza mafuta, ambaye alikuwa na punda jike aliyelia kwa mapenzi kila farasi huyo alipopita. Akamfunga pale. Kisha akakichukua kilemba cha dhahabu, akakijaribisha kwa mpishi, kikapwaya. Akakijaribisha kwa mlinzi, kikabana. Akakijaribisha kwa boga kubwa lililokuwa jikoni, kikaenea kama kilichopimwa. Akaliweka boga lile juu ya kiti cha enzi.

Halafu akashika mkaa, akapiga mstari katikati ya kasri sawasawa, ukapita ukumbini, ukapanda ngazi, ukaingia chumbani kwa Sultani, ukapita juu ya shuka na juu ya tumbo lake alipolala. Mwisho akamwendea Arafa, akainama. "Nisamehe, binti mtukufu. Nyumba ni ya Badi na Hamadi. Wewe katika waraka hutajwi." Arafa akausoma waraka mara mbili. Akachukua mkeka wake na kasha lake la nguo, akaenda kuketi nje, juani.

Ndipo waashi wakapiga nyundo ya kwanza.

Sultani akaruka kitandani, vumbi limejaa ndevuni. "Nani anabomoa nyumba yangu?"

"Ni wewe, bwana wangu," akasema Makungu. "Sehemu ya Badi ni kulia, ya Hamadi ni kushoto."

"Mimi sijafa, ewe mwendawazimu!"

"Na uishi miaka mia. Lakini waraka haukutaja kufa. Umesema kulala, na kufumba macho. Nimetimiza herufi kwa herufi, wala sijaulaumu hata kwa neno moja."

Sultani akatoka mbio hadi ukumbini, ambako watu wa kasri walikwisha kusanyika kwa kishindo cha nyundo, Sururu akiwemo, akaliona boga limevaa kilemba kitini pake. Akauliza farasi yuko wapi, akaambiwa yuko kwa mchumba wake. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, watu wasijue ni hasira au ni kicheko. Kisha akatazama dirishani, akamwona bintiye ameketi kwenye mkeka, jua likimchoma, kasha ubavuni. Kicheko kikakatika.

"Arafa anafanya nini nje?"

"Nyumba ni ya Badi na Hamadi," akasema Makungu. Sultani akamgeukia mshairi. "Sururu! Mwanangu yuko ubeti gani?"

Sururu akajikuna shingo. "Bwana wangu, nilijaribu sana. Jina lake halikuenea. Mizani ilikatika."

Sultani akashuka pekupeku mbele ya watu wote, akalibeba lile kasha kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia bintiye, "Nilisikiliza utamu, sikusikiliza maneno. Unisamehe, mwanangu." Arafa akasema, "Nimekusamehe, baba, ila panguza mkaa tumboni." Hapo Sultani akacheka hadi akashika nguzo.

Jioni ile akatumwa mtu kwa Sheikh Ghaithi. Akaja na kalamu ileile na maswali yaleyale, akasema hapana mara saba, na Sultani akajibu "Vyema" mara saba. Wakasimama mashahidi wawili wenye akili, wakasikia kila neno, wakatia mikono yao. Ulikuwa wasia mfupi, wa wino mweusi, na hakuna aliyelia.

Sultani akamwambia Makungu, "Tangu leo wewe utaandika nyaraka zote za kasri."

"La, bwana wangu," akasema Makungu. "Mimi najua kuuchana wasia tu. Wa kuushona ulimfukuza juzijuzi, na leo amerudi. Mshike huyo."

Basi Sultani akampa ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na kanzu mpya isiyo na kiraka. Makungu akampeleka yule ng'ombe nyumbani kwa kupitia sokoni, njia ndefu, ili wote waliomwita punguani wapate nafasi ya kumwamkia.