Koti Moja, Mabega Manne

Hapo zamani, wala si za kale sana maana zipu zilikwishakuwepo, wapagazi wanne walikuwa wakipandisha mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, masika imekolea. Wagumu, ndivyo walivyoitana. Na kila mgumu alikuwa na koti lake la mvua, kwa sababu mkaguzi wa getini hakuwa na utani: huna koti, hupandi, rudi nyumbani ukapalilie migomba.

Kiwelu, msimamizi wao, alikuwa na koti jekundu lililopauka. Aminieli, mwenye mabega ya fahali na mdomo usiopumzika, alikuwa na koti la turubai aliloshonewa na shemeji yake. Manka, mwanamke pekee kati yao, alikuwa na koti la mtumba, kitambaa chepesi, la ile aina inayozuia tone na kupitisha mvuke. Na Elisaria alikuwa na koti jipya la mpira, la njano, linang'aa kama ndizi mbivu.

Jioni ya kwanza, kambini, ubishi ukaanza. Koti la nani bora?

"Langu tone haliingii," akasema Elisaria. "Nimwagieni ndoo!"

Wakammwagia. Tone halikuingia.

"Haliingii, sawa," akasema Manka. "Na linatoka?"

"Kitoke kitu gani?"

"Jasho, mangi. Au wewe hutoki jasho?"

Manka akachukua kikombe cha chai ya moto, akakifunika kwa mkono wa koti lake, juu yake akashika mfuniko wa sufuria. Punde mfuniko ukaingia ukungu. "Linapumua," akasema. Akafunika kwa turubai la Aminieli. Mfuniko ukaingia ukungu vilevile, lakini alipolimwagia maji, maji nayo yakapenya. Akafunika kwa mpira wa Elisaria. Mfuniko mkavu! Ila alipougeuza ule mpira, upande wa ndani ulikuwa unachuruzika.

"Mvuke umekosa njia," akasema Manka. "Umegeuka maji humo humo."

Elisaria akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada Manka, mimi si chai!"

Kambi nzima ikacheka. Manka hakucheka.

Asubuhi, mvua. Aminieli akaanza chokochoko zake. "Elisaria! Ukifungua hiyo zipu hata kidogo, nitatangaza kuwa koti lako bovu!"

"Sifungui!"

Akaifunga mpaka kidevuni, akajitwisha mzigo, akaondoka mbio. Kwa nini mbio? Ubishi tu. Mnaocheka chekeni sasa, mbele hapachekeshi.

Akapanda, akatoka jasho, jasho likakosa njia. Akapanda tena, akatoka jasho zaidi, jasho likakosa njia. Akatoka msituni, akaingia kwenye nyanda za wazi, na huko upepo ukamkuta na shati lililolowa chapachapa. Likawa barafu kifuani.

Kambi ya juu wakafika wote isipokuwa yeye. "Kalala hemani," akasema mmoja. Hemani hayumo. Kiwelu hakungoja chai. Akashika njia kurudi chini, Manka na Aminieli nyuma yake, ukungu umefunga hata mkono wako huuoni.

Kiwelu akauona mzigo umeachwa njiani. Akaacha njia, akapapasa huku na huku, akamkuta Elisaria nyuma ya jiwe. Akarudi upesi, akavua koti lake jekundu, akalifunga juu ya kijiti penye njia ili wenzake wajue pa kukunja. Wakaliona, wakakunja. Upepo nao ukalichukua likaenda zake bondeni.

Elisaria alikuwa anamwita Kiwelu mama.

"Mfungeni vizuri, mvua isimwingie!" akapiga kelele Aminieli.

Manka akatia mkono ndani ya mpira. "Mvua gani? Huyu kaloa kwa ndani! Mvueni!"

Wakamvua mpira na shati. Manka akamvika sweta lake kavu, juu akamvika koti lake, yeye akabaki na kitenge kwenye mvua. Aminieli akapitisha fimbo mbili kwenye mikono ya turubai lake, likawa machela, wakamsweka humo, miguu inaning'inia. Walipofika kambini mikono ya turubai imeng'oka yote. Wakamweka karibu na jiko, na koti la Manka likagusa moto, likasinyaa kama utumbo.

Elisaria akafumbua macho. "Naomba chai."

"Chai imeomba chai," akasema Aminieli. Hata hapo!

Siku ya kushuka, mgeni mmoja, mama mwenye mvi, akavua koti lake la buluu. Jipya, linapumua, na lina zipu za makwapani. Akamwekea Elisaria mapajani. "Mpe aliyekuokoa," akasema, akapanda gari akaenda zake.

Haya. Safari nyingine ilikuwa kesho yake. Watatu hawana makoti, na getini mnajua.

"Mimi ndiye niliyekuona," akasema Kiwelu. "Ungekuwa jiwe pembeni ya jiwe."

"Wewe msimamizi, kumtafuta mgumu aliyepotea ni kazi yako!" akasema Aminieli. "Nani alimbeba? Mabega haya!"

"Na mdomo huo ndio uliomfunga zipu," akasema Manka. "Mngembeba ndani ya mpira wake, mngefikisha maiti. Mimi ndiye niliyejua."

Elisaria akainua kichwa. "Dada Manka. Ulinipita pale kwenye daraja la msituni, nimesimama nahema."

Manka akaanza kukaza kitenge chake.

"Ulinitazama usoni. Nilikuwa nafuka kama sufuria. Ulijua, si ndiyo? Ukapita."

"Ulinicheka mbele ya kambi nzima," akasema Manka polepole. "Nikasema, na aive." Akafuta uso kwa kitenge. "Halafu sikuweza kunywa chai yangu."



"Na mimi je?" akasema Elisaria. "Nirudi mlimani na mpira ule ule?"

"Rudi nao," akasema Kiwelu. "Zipu wazi."

"Usiku nikifumba macho nausikia unanibana."

Mvua ikaanza kugonga bati la kibanda cha getini. Dereva wa gari lao la kurudi nyumbani akapiga honi, anaondoka. Koti moja la buluu mapajani, wote wanne wanalitazama. Aliyeona, aliyebeba, aliyejua akanyamaza kisha akajivua, na aliyenusurika anayeogopa.

Mimi nimesema nilichokiona, sikuongeza, sikupunguza. Sasa msinitazame mimi, honi inalia! Koti lingekuwa mapajani mwako wewe, nani angestahili kulivaa kesho?