Nyevu Asiyelia

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa bado wakijibizana na watu, palikuwa na mwanamke jina lake Mbodze. Dada yake alifariki akaacha mtoto, Nyevu, akalelewa na shangazi. Shangazi huyo leo hupika, kesho husahau. Leo hubeba, kesho hufunga mlango. Mbodze aliposikia, akaenda kumchukua.

Nyevu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Mbodze akimwacha kwa jirani, halii. Akirudi, hageuki. Akimbeba, anajikaza kama kuni.

"Mtoto mtulivu huyo! Umebahatika," jirani akasema.

Lakini roho ya Mbodze haikutulia. Kila asubuhi aliondoka kwa kunyata, asije akamliza.

Siku moja hondohondo dume akamwita kutoka mtini. "We mama! Mbona unatoroka kama mwizi?"

"Naogopa atalia."

"Mke wangu yumo humu tunduni na makinda, mlango tumeuziba kwa udongo. Nikiondoka, nawaaga. Nikirudi, nagonga. Kurudi huko ndiko wanakonijulia."

Kesho yake Mbodze akachutama mbele ya mtoto. "Nyevu, nakwenda shamba. Nitarudi. Nisubiri."

Kimya. Jioni akarudi. Kesho tena: "Nakwenda. Nitarudi. Nisubiri." Kimya. Akarudi. Ikawa hivyo mpaka masika yakaingia. Asubuhi moja akasema, "Nakwenda. Nitarudi. Nisubiri," na Nyevu akamfuata kwa macho mpaka alipotoweka njiani.

Siku hiyo mvua ikamwagika, mto uliokuwa kati ya shamba na nyumbani ukafura.

"Lala huku, Mbodze," wenzake wa shamba wakamsihi. "Mtoto mwenyewe hata hatajua kama hupo."

"Nimemwambia nitarudi."

Akajitosa. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, yakamfika shingoni. Yakamzoa. Akadaka mzizi, akajivuta, akatokea ng'ambo goti likivuja damu.

Kilio alikisikia tangu mbali. Nyevu alikuwa mlangoni kwa jirani, uso mzima machozi na kamasi. Alipomwona Mbodze akamkimbilia, akaanza kumpiga ngumi za mapajani.

"Umechelewa! Umechelewa! Umechelewa!"

"Nimechelewa, mwanangu."

Jirani akatikisa kichwa. "Hanyamazi huyu. Umemdekeza, umemharibu. Alikuwa mtoto mzuri."

Mbodze aliketi pale pale matopeni. Nyevu akampanda mapajani, akamng'ang'ania shingo, akalia mpaka usingizi ukamchukua.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyelala abebwe.