Sakafu ya Frasila Tatu

Palikuwa na sultani mmoja, Badawi jina lake, aliyetaka njia ya kwendea msikitini kila Ijumaa. Iwe haina vumbi, haina tope, haitelezi, haiunguzi nyayo na, hapo ndipo palipokuwa na kazi, haivunjiki. Akapiga mbiu: chochote cha mtu yeyote kikivunjika au kukatika chini ya Sultani, nyumba ya mtu huyo itavunjwa, mawe yake yapondwe kuwa kokoto.

Fundi wa kwanza alishindilia udongo. Sultani akazama mpaka vifundoni. Wa pili akamwaga kokoto, zikazama pamoja naye. Wa tatu akapanga matofali, yakapasuka pa! pa! pa! kama bisi. Nyumba tatu chini. Sababu kila mtu aliijua. Sultani alikuwa mnene, jamani, mnene hasa! Lakini aliyelitamka neno hilo, au hata "mzito", alikula viboko kumi, hata uji mzito mjini ukaitwa uji uliochelewa motoni.

Zamu ikamfikia Bi Mwanahija binti Kombo, mjane mpiga sakafu, mwenye nyumba ya vyumba viwili na ulimi wa kutosha vyumba kumi. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, jiwe kwa jiwe. Akaingia barazani kwa Sultani.

"Chagua," akasema Sultani. "Udongo, mawe au chokaa?"

"Maulana, njia huchaguliwa kwa mzigo. Atapita nani?"

"Mimi peke yangu."

"Una uzito gani?"

Waziri akaangusha upepeo. Sultani akavuta tumbo ndani. Lilikwenda kidogo, likarudi.

"Frasila tatu," akasema, uzito wa kijana mwembamba.

"Tatu?"

"Tatu kasorobo. Nimekunywa maji."

"Waziri na aandike," akasema Bi Mwanahija, "apige na muhuri. Frasila tatu, basi inatosha sakafu nyembamba ya chokaa juu ya mchanga. Hata kuku wawili wakipigana juu yake haina neno."

Akawaita wanawake wenzake. Siku tatu waliitwanga chokaa kwa vibao, ngoma ikilia, nyimbo zikijibizana, mpaka sakafu ikang'aa kama kikombe. Ijumaa ikafika. Mji mzima ukatoka. Sultani akaweka mguu wa kulia. Ikahimili. Akaweka wa kushoto. Kraa! Akazama mpaka magotini, kilemba kikamfunika macho.

"Vunjeni nyumba yake!" akanguruma kutoka shimoni.

Askari wakainua sururu. Bi Mwanahija akapiga goti.

"Haki yako, Maulana. Nilijenga ya frasila tatu. Ikiwa zilizopita ni tatu, kazi yangu mbovu, vunja, nami nitashika sururu ya kwanza. Lakini zikizidi hata kidogo, kosa si la sakafu. Na tupime."

"Tupime kwa kitu gani?"

"Mizani si ile pale?"

Watu wakageuka. Mlangoni mwa soko ilining'inia mizani kubwa ya kupimia mbata, nazi zilizokaushwa. Ilikuwa mali ya Sultani, yenye muhuri wake, na wakulima walipunjwa nayo kila msimu bila kufungua mdomo.

"Sipandi," akasema Sultani.

"Mbona hivyo? Inabeba magunia kumi kwa mara moja."

"Nimesema sipandi!"

"Frasila tatu tu, Maulana, tena kasorobo. Kitambo kidogo, halafu nyumba yangu unaivunja."

Sultani akaitazama mizani. Akazitazama kamba zake. Jasho likamtoka. Akamvuta Bi Mwanahija sikio na kumnong'oneza, lakini mnong'ono wa mtu yule ulifika mpaka soko la samaki:

"We mwanamke, itakatika!"

Bi Mwanahija akasimama, akajikung'uta chokaa.

"Ikatike chini yako, Maulana? Basi nikumbushe mbiu yako ilisemaje. Na ile mizani, ni ya nani?"