Kata ya Kwanza ya Maji ya Ukungu

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao, maana nikimaliza nataka jibu.

Huko milima ya Uluguru walikuwapo watatu wa tumbo moja. Asumini, dada mkubwa, alikuwa na jicho: hakikubadilika kitu msituni asikione. Mloka alikuwa na mkono wa heri. Hata fimbo akiichomeka inachipua. Na Mkude, kitindamimba, akipanda mti tumbili wanaona wivu.

Mwaka mmoja chemchemi yao ikakauka. Mama yao akawa anafuata maji bondeni, akateleza, akavunjika nyonga. Mkude akambeba mgongoni mpaka nyumbani, akilia njia nzima.

Asumini akaingia msituni. Ukungu ulikuja kila asubuhi kama zamani, lakini miti ilikuwa uchi! Zile ndevu za kijani na majani yaotayo juu ya matawi, yanayonasa ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone, yote yamebanduliwa. Akateremka mjini kuyatafuta. Akayakuta yamening'inizwa kwenye baraza ya hoteli, yamenyauka kwa vumbi na joto la lami. Akamsihi mwenye hoteli.

"Chukua, dada. Kwangu ni takataka sasa."

Mloka akayapokea, akayaweka kivulini, akayanyunyizia maji na kuyabembeleza kama mtoto mwenye homa, yakachipua.

Mkude akapanda, mti baada ya mti, akayafunga kwa kamba za mgomba, magoti yakamchubuka. Misimu ikapita, chemchemi ikabubujika tena.

Sasa, kwao aliyerudisha maji hunywa kata ya kwanza, naye huwa mlinzi wa chemchemi maisha yake yote. Mwenye kuitoa kata ni dada mkubwa. Siku hiyo watu wamejaa, hata mwenye hoteli kaalikwa. Asumini ameshachota. Yule bwana akamwona Mkude, akacheka: "Kijana! Mbona uliacha kuniletea majani?"

Asumini akaishusha kata.

"Mkude. Ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Sikujua maji yangekauka."

"Na ulipombeba mama?"

"Hapo nilishajua. Niliogopa."

"Ukaniacha nihangaike mjini, na mama analia kitandani, nawe unajua!" Asumini angeumizwa na mgeni, angevumilia.

"Huyo asinywe," akasema Mloka. "Bila mimi mngerudisha mitini kuni kavu."

"Na bila mimi mngeyatundikaje?" Mkude akajibu. "Upepo ukiyaangusha, atapanda nani? Nikinyimwa, sipandi tena."

"Anywe Asumini!" wakapaza sauti majirani. "Asingeona yeye, tungekuwa tunakufa kiu."

Mama yao, kaegemea mkongojo, akasema taratibu, "Asumini, mpe mwanangu anywe."

Hakusema yupi.

Haya, nyinyi mliomaliza muhogo wangu huku mkitikisa vichwa: kata ile mngempa nani?