Ufunguo wa Banda la Bi Chausiku

Nikisema mtego, nanyi semeni tutegue. Mtego!

Haya, vizuri, ila huyo wa nyuma kachelewa. Hadithi hii si ya kulalia, ni ya kugombania, kwa hiyo kaeni mbalimbali kidogo.

Palikuwa na mama mmoja pale Korogwe, Bi Chausiku, aliyestaafu upishi wa shule akafungua banda la gemu. Banda lenyewe lilikuwa bati juu, runinga moja, mashine moja ya gemu na mabenchi mawili. Yeye hakujua hata pedi ya kuchezea inashikwa vipi. Lakini sheria aliitunga yeye, na mtaa mzima uliijua: mshindi anabaki, aliyefungwa anainuka, anayetukana anatoka.

Ndani ya banda hilo walikulia vijana watatu, tangu enzi za kusimama juu ya kreti la soda ili waione runinga. Wa kwanza ni Nyange, na kipaji chake kilikuwa kusoma. Si vitabu, bali yale maandishi madogo ambayo watu wote huyaruka, ya nyuma ya boksi na ubavuni mwa chupa ya dawa. Wa pili ni Mwantumu, na kipaji chake kilikuwa kutoibiwa. Machinga wakimwona anakuja, vitu vibovu vilishuka vyenyewe chini ya meza. Wa tatu ni Hiza, mwenye mikono iliyotulia. Alitengeneza miwani na saa za wazee, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "lo!" akiwa na bisibisi mkononi.

Basi mwaka mmoja binti yake Bi Chausiku, aliyeolewa Songea, akajifungua mapacha, akamwomba mama yake aende akae naye moja kwa moja. Na mwaka huohuo banda likaanza kufa. Mashine ilikuwa imeshiba. Kila wakifuta gemu moja ili waingize nyingine, kuna mtoto analia, na gemu mpya ya mpira ya mwaka ule, ambayo kila mtu alitaka kuicheza, ilikataa kabisa kuingia. Wateja wakahamia ng'ambo ya reli, kwenye banda lenye feni tatu. Likabaki Kombe la Idi, ambalo miaka yote lilichezwa kwa Bi Chausiku. Nalo likienda ng'ambo, banda ndiyo basi tena, litafaa kuanikia nguo.

Bi Chausiku akawaita watatu wale. "Wanangu, Idi ikiisha naondoka. Atakayeliokoa banda hili, namwachia liwe lake."

"Bibi," akasema Hiza, "kidole kimoja hakivunji chawa. Si utuachie sote?"

"Thubutu! Mimi na dada zangu wawili tulifungua mgahawa wa shirika. Siku moja kila mmoja alidhani mwenzake kazima jiko. Mgahawa uliungua, na mpaka leo tunasalimiana misibani tu. Ufunguo mmoja, mkono mmoja."

Wakaguna, wakakubali.

Sasa sikilizeni alichofanya Nyange. Bi Chausiku alikuwa amekwisha kupata ushauri wa mtaani: nunua diski ya kuhifadhia gemu, kubwa kuliko zote, ichomeke kwa nje, mchezo umekwisha. Alikuwa hata amefunga fedha kwenye pindo la khanga, na fedha yenyewe haikuruhusu kukosea hata mara moja. Nyange, aliyekesha na maelekezo ya mashine ambayo hakuna aliyewahi kuyafunua, akamkuta mlangoni.

"Bibi, usiende. Hiyo ya nje gemu mpya itawekwa, lakini haitachezeka. Mwendo wake mdogo. Mashine hii inataka diski ya SSD ya kuingia ndani, ile nyembamba kama chingamu, na iwe ya kasi."

"Lakini hii ya nje ni kubwa mara mbili!"

"Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, Bibi. Ghala hata liwe kubwa vipi, mlango ukiwa wa kupita mtu mmoja, mzigo utatoka lini?" Akaendelea kumweleza kwamba diski ya kasi huchemka, na chini ya bati lile itachemka zaidi, kwa hiyo iwe na koti lake la chuma la kupoozea. Na koti lenyewe lisiwe nene, la sivyo kifuniko cha mashine hakitafunga. Akaandika yote, mwendo, urefu, unene. Bi Chausiku akafungua pindo la khanga, akatoa fedha ya hiyo ya ndani.

Aliyekwenda Tanga mjini kununua ni Mwantumu. Muuza duka akamletea boksi, limefungwa vizuri, na kila kilichoandikwa juu yake kilikuwa sawasawa na alichoandika Nyange. Nyange angekuwa pale angelinunua palepale.

"Kaka," akasema Mwantumu, "ichomeke kwenye kompyuta yako tuijaze."

"Dada yangu, huniamini?"

"Wewe nakuamini. Hilo boksi ndilo silijui kwao."

Wakaijaza. Hata robo haikufika, ikakwama. Ilikuwa feki, kidogo kilichovishwa jina la kikubwa. Muuza duka akakuna kichwa, akaapa kwamba yeye naye kauziwa mbuzi kwenye gunia, akatoa nyingine droo ya chini. Mwantumu akavuta kiti, akaijaza na hiyo mpaka dukani wakaanza kufagia karibu na miguu yake. Ikapokea mpaka mwisho, kwa mwendo uleule. Ndipo akatoa fedha.

Ikabaki kazi ya Hiza. Alipoifungua mashine, akakuta skrubu ya pale panapokaa diski imelika kichwa. Fundi fulani wa zamani aliitafuna, sasa bisibisi inateleza tu. Isipotoka, diski haiingii. Ukiilazimisha, bisibisi ikachubua ubao wa ndani, mashine imekufa na Idi ni kesho. Bi Chausiku akashindwa kutazama, akatoka nje kupepeta mchele ambao ulikwisha pepetwa. Hiza akaomba feni izimwe. Akakata kipande cha mpira wa glavu, akakilaza juu ya skrubu, akakandamiza, akazungusha taratibu kama anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Skrubu ikaitika. Akaweka diski, akafunga kifuniko, akawasha, gemu mpya ikaingia yote, akaibonyeza. Bi Chausiku alikuwa hajamaliza kusema Bismillahi, uwanja ukafunguka kwenye runinga, nyasi hizo!

Kombe la Idi likachezwa palepale. Watu walijaa mpaka wengine wakatazamia dirishani, na wa ng'ambo ya reli walikuja na feni yao moja kuomba nafasi. Banda likapona.

Kesho yake Bi Chausiku, begi limefungwa, akakaa benchini na ufunguo mkononi.

"Bila mimi mngenunua ghala lenye mlango wa panya," akasema Nyange.

"Na bila mimi yale maandishi yako yangekuletea feki," akasema Mwantumu.

"Sawa," akasema Hiza. "Mngekuwa mmenunua pambo zuri la kabatini. Nani angeliingiza?"

Bi Chausiku akaona kila mmoja anasema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi. Akaona bora sheria ya banda iamue: chezeni kila mmoja na kila mwenzake, asiyefungwa ndiye anabaki. Wakacheza. Nyange akamfunga Mwantumu. Hiza akamfunga Nyange. Ilibaki mechi moja, Hiza akaingia anachekacheka kabisa, na Mwantumu akamfunga. Kila mmoja kafunga, kila mmoja kafungwa. Sheria iliyoendesha banda miaka yote ikawaacha watatu wamesimama, na benchi la kuchezea tupu.

Hapo Bi Chausiku akauliza swali ambalo alikuwa akiliogopa tangu mwanzo. "Haya. Ambaye hatapata ufunguo huu, ataingia tena humu ndani?"

Nyange akatazama maandishi ya chini ya runinga, ambayo alikwisha kuyasoma mara nyingi. Mwantumu akafunga na kufungua pochi. Mikono ya Hiza, kwa mara ya kwanza, haikutulia. Bi Chausiku akawakumbuka dada zake.

Nje, dereva wa bodaboda akapiga honi. Bi Chausiku akaunyanyua ufunguo, mikono mitatu ikanyooka.

Na mimi hapo ndipo nilipowafikisha. Msiniambie wagawane, mgahawa ulikwisha ungua. Kuna aliyechagua, kuna aliyehakiki, kuna aliyetia. Je, ungekuwa wewe benchini pale, ufunguo huo ungemkabidhi nani? Na kabla hujapanda bodaboda, wale wawili wenye mikono mitupu ungewaambia nini?

Mtego ndio huo. Tegueni.