Maharage Tisini na Tisa

Hapo zamani, na wala si zamani za mababu, maana simu zilikuwepo ila chaji ndiyo ilikuwa ya kufuata kwa jirani, palikuwa na shule ya wasichana juu milimani Upare. Wewe unayesinzia hapo nyuma, amka, mwishoni nitakuuliza wewe.

Maabara ya shule hiyo ilikuwa na meza moja iliyopinda, dirisha moja la magharibi, na koti moja jeupe. Koti hilo lilikuwa la mwalimu aliyestaafu. Tangu aondoke lilining'inia kwenye msumari, na hakuna aliyethubutu kuligusa hata kola.

Aliyelitazama kwa uchungu kuliko wote ni Nakijwa. Alipokuwa kidato cha kwanza alivunja chupa ya maabara, akapewa adhabu ya kuosha vyombo wiki moja. Wiki ikaisha, hakuna aliyemwambia acha. Sasa yuko kidato cha tatu, anaosha tu, na shule nzima inamwita Mama Vyombo. Alitamani siku moja aingie humo ndani na koti mwilini, watu wamwite Nakijwa.

Basi ikaletwa mashine ya kuhesabu matone. Mashine yenyewe kijisanduku tu, kina tundu katikati. Upande huu wa tundu taa ndogo, upande ule jicho. Tone likipita linakata mwanga, jicho linahesabu moja. Juu yake unafunga bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, matone yanashuka kupitia tundu mpaka kwenye chupa.

Mkuu wa shule, Mwalimu Ndekirwa, akawaita wasichana watatu: Hoyce binti wa fundi mwashi, Zubeda mwenye maneno, na Nakijwa.

"Ijumaa nitakuja na maharage," akasema. "Tone moja, harage moja bakulini. Maharage na mashine vikipatana, mashine inabaki. Visipopatana, inarudi ilikotoka. Na kati yenu, atakayestahili zaidi atalivaa lile koti kwenye maonyesho ya sayansi, na litakuwa lake."

Nakijwa akageuka akalitazama koti.

Jumatatu wakajaza bureti maji, wakafungua koki. Tone likaanguka, ti! Mashine kimya. Tone likaanguka, ti! Mashine kimya. Kumbe meza imepinda, bureti imeinama, matone yanagonga ukingo wa tundu. Hoyce akakimbia kwao, akarudi na timazi ya baba yake, ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mwashi hupimia ukuta. Akanyoosha bureti mpaka uzi ukapita katikati ya tundu. Ti! Mashine ikasema moja.

Jumanne jioni wakafungua koki. Tone likaanguka, ti! Mashine ikasema mia nne. Loo! Kumbe jua la dirishani linaingia moja kwa moja kwenye jicho, linalitia wazimu. Siku hiyo ilikuwa zamu yao kuleta kuni za jikoni, na Zubeda alikuwa na khanga aliyofungia mzigo wake. Akaifanya hema juu ya mashine. Ti! Mashine ikasema moja, ikatulia.

Jumatano maji ya bomba yakakatika, na kijito kiko mbali bondeni. Tindikali ya shule ilikuwa kidogo, hairuhusiwi kuchezewa. Wafanye mazoezi kwa kutumia nini? Hoyce akaenda kwao tena, akaja na dumu la maji ya miwa. Miwa, ndugu zangu! Kwenye mashine ya sayansi! Lakini matone yakashuka vizuri, na kilichobaki dumuni wakakinywa.

Alhamisi ikabaki kazi ya kuosha sukari ya miwa. Nani aoshe? Mnauliza!

"Mama Vyombo, kazi yako hiyo," akasema Zubeda, na hakuwa na nia mbaya.

Utaratibu wa maabara unataka bureti na vyombo vyote visuuzwe mara tatu, na mara tatu maana yake ni kushuka kijitoni mara tatu na ndoo. Nakijwa akashuka mara moja. Njiani kupandisha kile kilima akasema kwa sauti, peke yake, "Nimechoka kuosha, jamani. Nimechoka." Akasuuza mara moja, akaweka. Lile tundu la mashine hakulipangusa kabisa.

Ijumaa ikafika. Mwalimu Ndekirwa akaja na maharage yake, dirisha likajaa vichwa vya wanafunzi. Chini wakaweka chupa yenye dawa ya rangi ya waridi. Tindikali itadondoka humo, rangi ikipotea, koki inafungwa. Hoyce akasimamia koki. Zubeda akasimamia khanga. Nakijwa akapewa maharage, akakaa chini kabisa, jicho lake usawa wa tundu.

Ti! Harage bakulini. Ti! Harage bakulini. Zubeda naye hajui kutulia, kila mara anainua pindo la khanga achungulie. Alipoinua mara ya tatu, kitu cheusi kikapita, vuuu! Nakijwa akiwa na harage mkononi akalizuia. Kitu hicho hakikuwa tone. Kilifanana na tone kwa kasi yake tu.

Rangi ikapotea. Koki ikafungwa. Kwenye kioo cha mashine namba ilisoma mia moja kamili, na dirishani watu wakapiga vigelegele.

Nakijwa akatazama bakuli. Alikuwa amehesabu kimoyomoyo, na humo yalikuwamo tisini na tisa. Kiganjani alikuwa na harage moja limeloa jasho. Mwalimu alikuwa amewageukia wa dirishani, anawanyamazisha. Kudondosha harage moja tu, nani angeona? Mashine ibaki, shule ifurahi, na koti pengine liwe lake.

"Mwalimu," akasema, "humu yamo tisini na tisa. Moja ni inzi."

"Nakijwa wewe!" Zubeda akamfinya. "Unatuharibia kwa ajili ya inzi?"

Mwalimu Ndekirwa akainua chupa, akaiweka kwenye mwanga. Juu ya yale maji meupe inzi alikuwa akielea, miguu juu.

"Tisini na tisa, na huyu bwana," akasema, na mdomo ukamcheza. "Mashine haikukosea. Imehesabu kila aliyepita. Mashine inabaki. Haya, koti."

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Langu, Mwalimu!" akasema Hoyce. "Bila timazi yangu matone yangekuwa yanagonga ukingo mpaka leo."

"Na miwa alileta nani, hata inzi wakapanuka pua?" akadakia Zubeda. "Langu, Mwalimu! Bila khanga yangu lile jicho lingekuwa na wazimu mpaka leo."

"Na khanga alifunua nani, inzi akakaribishwa ndani?" akajibu Hoyce.

Nakijwa peke yake hakulaumiwa, maana hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza.

"Inzi ni wangu," akasema. "Jana sikuosha sawasawa. Nilitakiwa mara tatu, nimesuuza mara moja, na tundu sikulipangusa. Nilikuwa nimechoka kuosha." Akanyoosha kidole msumarini. "Lakini koti nalitaka, Mwalimu. Miaka miwili na nusu nimeosha kila kitu humu ndani, nikakosea jana tu. Na harage hili hapa, ningeweza kulitia bakulini."

Akafungua kiganja. Mwalimu Ndekirwa akalitoa koti msumarini, akalikung'uta vumbi, akasimama nalo mbele ya wasichana watatu.

Nami nimesimama naye hapo hapo, sisogei. Aliyenyoosha ndiye aliyeleta miwa. Aliyefunika ndiye aliyefunua. Aliyesema kweli ndiye aliyeacha uchafu, na bila uchafu ule asingekuwa na kweli ya kusema. Koti ni moja, na mikono yake ni miwili tu.

Haya, wewe wa nyuma uliyekuwa unasinzia: koti liko mkononi mwako. Nani alistahili? Unamvika nani?